Risala za mahafali ziandikwe kwa ajili ya masikio

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua.

Msimu wa mahafali umefika. Darasa la saba wanafanya mtihani wao Septemba, kidato cha nne Novemba, na katika miezi hii kila Jumamosi kuna turubai limefungwa kwenye uwanja wa shule, viti vya plastiki vimepangwa, na mwanafunzi mmoja amesimama mbele ya kipaza sauti akiwa na karatasi tatu mkononi. Anasoma risala. Nenda nyuma kabisa ya turubai, walipo wazazi waliochelewa, umuulize yeyote: watoto wameomba nini? Mara nyingi hajui. Muulize hata aliyekaa safu ya pili. Anajua kwamba wameomba, ila ni nini hasa na kiasi gani, hana jibu.

Mtoto aliyesoma hana kosa. Amepewa barua ya kiofisi aisome kwa sauti. Sisi tunaofundisha Kiswahili tunajua ilikotoka. Darasani hotuba na risala hufundishwa kama aina za utungaji: mwanafunzi anakariri sehemu zake, kichwa, salamu, utangulizi, kiini na hitimisho, anaandika, anasahihishiwa, anapata alama. Mtihani wa taifa wa Kiswahili wa kidato cha nne ni wa maandishi. Wenzetu wa Kenya wana karatasi tatu za Kiswahili kwenye KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari: ya insha, ya lugha na ya fasihi, na zote tatu ni za kuandika. Kijana anaweza kupata alama zote za hotuba ambayo hakuna sikio lililowahi kuisikia. Ombi letu ni kwamba risala na hotuba zitungwe kwa ajili ya msikilizaji, zifundishwe kwa mdomo, na zijaribiwe kwa sauti kabla ya siku yenyewe. Hili linawezekana hata kwenye shule isiyo na kipaza sauti, na hapa tunaeleza namna.

Msomaji akipotea mstari wa nne, anarudi wa pili. Msikilizaji hana pa kurudi. Neno likishapita limepita, na wakati bado analitafuta, mengine matatu yamempita. Chukua sentensi hii, ambayo ingepata alama nzuri tu kwenye karatasi: “Pamoja na mafanikio tajwa hapo juu, shule yetu bado inakabiliwa na changamoto mbalimbali zikiwemo upungufu wa miundombinu ya vyoo hususan kwa wanafunzi wa kike, hali inayopelekea mazingira ya kujifunzia kutokuwa rafiki.” Hapo juu wapi? Karatasi ina juu na chini, sauti haina. “Upungufu” ni wa kiasi gani? “Changamoto mbalimbali” ni zipi? Msikilizaji anabaki na neno moja, vyoo, na hata hilo analipata akiwa makini.

Sasa sema jambo lilelile hivi: “Mgeni rasmi, wasichana wa shule hii ni 320. Matundu ya vyoo vyao ni manane. Kila tundu linatumiwa na wasichana 40. Mwongozo wa taifa unataka wasichana 20 kwa tundu moja. Tunaomba matundu manane zaidi.” Ni sentensi tano, kila moja na jambo moja. Neno “tundu” limerudiwa makusudi. Kwenye insha tunawakataza wanafunzi kurudia neno, tunawataka watafute kisawe. Kwenye hotuba neno linalorudiwa ndilo msikilizaji anaposhikia asianguke. Angalia pia kwamba hesabu imefanywa mpaka mwisho. Mgeni hakuachiwa agawanye 320 kwa 20 huku akipigwa na jua.

Mahali pa ombi nako kuna tatizo. Risala nyingi huanza na historia ya shule tangu kuanzishwa, zikaja idadi ya walimu kwa jinsia, matokeo ya mitihani ya miaka mitano, michezo, mazingira, na ndipo ombi linatokea ukurasa wa mwisho, wakati mgeni rasmi ameshaanza kufunua karatasi za hotuba yake mwenyewe. Ombi lisikike ndani ya dakika ya kwanza, lielezwe katikati, lirudiwe kwa maneno yaleyale mwishoni. Na liwe moja. Tunajua shule ina mahitaji sita au saba, na kila mwalimu wa idara anataka lake liingie. Lakini risala ina bahati ambayo hotuba nyingine hazina: ikishasomwa, hukabidhiwa mkononi kwa mgeni rasmi. Basi orodha yote, takwimu zote, historia yote, viwe kwenye nakala ile ya kukabidhi. Mdomoni libaki ombi moja, lile ambalo shule ingelichagua kama ingeambiwa itapewa kimoja tu. Kamati ikishindwa kukubaliana ni lipi, ujue risala haijawa tayari kuandikwa.

Yapo mambo ya Kiswahili chenyewe ambayo vitabu vya ufundi wa kuzungumza vilivyoandikwa kwa lugha nyingine haviwezi kutuambia. La kwanza ni kiambishi cha ukanushi. “Wazazi watachangishwa” na “Wazazi hawatachangishwa” zinatofautishwa na silabi moja, “ha”. Silabi hiyo iko mwanzoni mwa kitenzi, mkazo haiupati kwa sababu mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na sauti yenyewe ya “h” ni pumzi tu. Upepo wa uwanjani na spika chakavu huila pumzi kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Msemaji ametangaza msamaha, nusu ya uwanja umesikia mchango. Usijaribu kuiokoa kwa kusema “hakuna mchango”, kwa sababu “ha” ikimezwa tena umebaki na “kuna mchango”. Jenga kanusho lenye sauti ngumu zaidi na shahidi pembeni yake: “Mzazi asitoe hata shilingi.” Hapo “si” inasikika, na “hata shilingi” inathibitisha kwa aliyekosa “si”.

La pili ni tarakimu. Katika Kiswahili idadi hufuata nomino: matundu manane, madawati sitini, tarehe kumi na saba. Maana yake ni kwamba idadi mara nyingi huangukia mwisho wa sentensi, na mwisho wa sentensi ndipo sauti ya msemaji asiyezoea hushuka na pumzi kumwishia. “Kumi na sita” na “kumi na saba” zinaanza sawa kabisa. Kinachozitenga ni neno la mwisho, na maneno hayo mawili yote yana silabi mbili na yanaanza na “s”. Kwa hiyo tarehe isemwe pamoja na siku, “Jumatano, tarehe kumi na saba”, na sauti ipandishwe kidogo kwenye idadi badala ya kuiacha ishuke. Fedha nazo zina mtego wake. “Elfu mia moja na mbili” mmoja atasikia 102,000 na mwingine 100,002. Sema “laki moja na elfu mbili” na ubishi umekwisha. Saa itajwe na sehemu ya siku: saa mbili asubuhi, saa mbili usiku.

La tatu ni mwendo. Vitabu vya Kiingereza humshauri msemaji aende maneno 130 hadi 150 kwa dakika, na watu wetu wanaichukua hesabu hiyo kama ilivyo. Lakini neno letu moja hubeba sentensi nzima. “Hatutawachangisha” ni neno moja lenye silabi saba, na ndani yake yumo anayetenda, wanaotendewa, wakati na ukanushi. Kwa hotuba ya uwanjani maneno 90 hadi 110 kwa dakika yanatosha, na chini ya hapo si kosa. Risala ya dakika tano basi ni maneno kama 500. Risala tunazoletewa kusahihisha huwa na maneno 1,000 na zaidi, na mwanafunzi anaambiwa aharakishe. Akiharakisha, silabi za mwisho wa maneno zinamezwa, na ndizo zinazobeba tofauti ya “soma”, “some” na “somo”. Hata mkazo ukihama neno linabadilika: barabara ya lami hukaziwa silabi ya tatu, na “barabara” yenye maana ya sawasawa hukaziwa ya pili.

Uwanja wenyewe unadai mwendo wa polepole. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Spika mbili zikiwekwa umbali wa mita 70 kutoka moja hadi nyingine, aliyekaa karibu na moja wapo anasikia ya pili ikichelewa kwa moja ya tano ya sekunde, na hiyo inatosha kufanya kila neno lisikike mara mbili na kuparamia linalofuata. Dawa ni kituo baada ya kila sentensi, cha kuhesabu kimoyomoyo moja, mbili. Kwa msemaji kituo hicho huonekana kirefu mno. Kwa aliyekaa nyuma ndicho kinachomwezesha kuelewa.

Sasa karatasi yenyewe. Ichapwe kwa herufi za ukubwa wa 14 hadi 16, nafasi ya mstari na nusu, upande mmoja tu wa karatasi. Maandishi yaishie theluthi mbili za juu, theluthi ya chini iachwe tupu, kwa sababu macho yakishuka mpaka chini ya ukurasa kidevu hugusa kifua, koo linabanwa na mdomo unaondoka kwenye kipaza sauti. Sentensi isivuke kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Kurasa zipewe namba kubwa, zisibanwe pini. Anayesoma anausogeza ukurasa uliokwisha pembeni, hafunui. Idadi ziandikwe kwa maneno kama zitakavyotamkwa, maana mtoto akikutana na 1,250,000 ghafla atasimama kuhesabu sifuri. Weka mkwaju mmoja / mahali pa kuvuta pumzi na miwili // mahali pa kutua. Kipimo cha urefu wa sentensi ni pumzi: ikiwa mwanafunzi hawezi kuimaliza kwa pumzi moja bila kukaza shingo, ikatwe.

Kuhusu kipaza sauti, makosa ni machache na yanajirudia kila mahali. Mtoto wa darasa la saba anasimama mbele ya stendi iliyopimwa kwa mtu mzima aliyemtangulia, ananyanyua kidevu, na koo linakaza. Stendi ishushwe mpaka usawa wa kidevu chake. Kazi hiyo ifanywe na mtu aliyepangiwa, isiwe ya mtoto mwenyewe. Umbali wa mdomo na kipaza sauti ni upana wa vidole vinne, na kikae chini kidogo ya midomo, pembeni, si mbele kabisa, maana “p” na “b” hutoa kishindo cha hewa na hotuba zetu zimejaa “pamoja”, “mpango” na “pia”. Anayekishika mkononi ashike katikati. Kikianza kupiga mluzi, watu wengi hukiziba kichwa kwa kiganja, na mluzi unazidi. Mluzi unatokea pale sauti iliyotoka kwenye spika inapoingia tena kwenye kipaza sauti, ikakuzwa, ikatoka, ikaingia tena. Kuukata ni kusogea mbali na spika au fundi mitambo kupunguza sauti. Afadhali kuuzuia mapema kwa kuweka spika mbele ya msemaji, zikiwaelekea wasikilizaji, msemaji abaki nyuma yake. Na majaribio ya asubuhi yasiwe “moja, mbili, tatu” ya fundi mwenye sauti nzito. Atakayesoma ndiye ajaribu, kwa sentensi yake ya kwanza, huku mtu amesimama safu ya mwisho.

Umeme ukikatika katikati, wengi huendelea kusoma midomo ikicheza bila mtu kusikia. Anyamaze. Asogee mbele hatua kumi, asubiri utulivu, arudie sentensi aliyoishia, kisha aruke moja kwa moja kwenye ombi. Hili nalo lifanyiwe mazoezi, angalau mara moja.

Tunafika kwenye salamu, na hapa tunaomba subira ya wasomaji kwa sababu ndipo risala nyingi zinapoharibikia. Mwanafunzi anasema “Shikamooni wazazi wetu” na papo hapo anaunganisha “sisi wahitimu wa darasa la saba”. Uwanja mzima unaitikia “Marahaba!” na itikio lile linaangukia juu ya maneno aliyokwishaanza, kwa hiyo sentensi ya kwanza imepotea. Salamu yetu ni ya watu wawili. Haijakamilika mpaka ijibiwe. Msimuliaji wa hadithi akisema “Paukwa”, haendelei mpaka asikie “Pakawa”, na kwa kufanya hivyo anajua wangapi wako naye na sauti yake imefika wapi. Anayetoa risala afanye vivyo hivyo: amkie, anyamaze, asikilize marahaba yote mpaka iishe. Katika sekunde zile tatu anavuta pumzi ya kwanza kamili, anajua kipaza sauti kinafanya kazi, na watu wameshazungumza naye, hivyo hasomi tena mbele ya wageni wasiomjua. Itikio likiwa dhaifu upande mmoja, huko ndiko spika haifiki, na fundi aambiwe sasa hivi.

Baada ya salamu huja orodha ya vyeo. Mgeni rasmi, diwani, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kamati ya shule, mratibu elimu, viongozi wa dini, mwalimu mkuu, walimu wakuu wa shule jirani. Wanane, kila mmoja sekunde sita, ni karibu dakika nzima, na kisha ndipo msemaji anaongeza “itifaki imezingatiwa”, maneno yaliyokusudiwa kuziba nafasi ya orodha hiyo. Hatusemi itifaki iondolewe. Mtu aliyetambuliwa kwa heshima husikiliza vizuri zaidi, na mzee aliyerukwa atakaa amenuna mpaka chakula. Lakini utambulisho ni kazi ya mshereheshaji. Aufanye mara moja, kikamilifu, kwa orodha aliyoandikiwa na mwalimu mkuu na kuhakikiwa majina na vyeo asubuhi ileile. Wote watakaofuata wataje watatu: mgeni rasmi, mwenyeji, na wazazi wote kwa pamoja. Walimu wakuu watangaze utaratibu huo mapema ili mwanafunzi asionekane mkosefu wa adabu.

Woga hauna dawa ya kuumaliza, una namna ya kuubeba. Moyo kwenda mbio, mdomo kukauka, karatasi kutetemeka: huo ni mwili unaojiandaa kwa kazi, na kwa wengi huwa mkali kuliko wakati wowote katika dakika ya kwanza, kisha hupungua. Kwa hiyo sentensi tatu za mwanzo zijulikane kwa kichwa, na mbili za mwisho pia, zilizobaki zisomwe. Kukariri yote ni hatari. Maneno yaliyokaririwa ni mnyororo, pingili moja ikikatika yaliyo mbele yote yanaanguka, na mtoto anarudi mwanzo akilia. Karatasi inayotetemeka ilazwe juu ya kibao kigumu au jalada la daftari. Miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yasikazwe. Kabla ya neno la kwanza atoe pumzi yote nje, ndipo avute. Anayevuta juu ya mapafu yaliyojaa hubaki na pumzi fupi ya kifuani na sauti nyembamba. Maji awe amekunywa nusu saa kabla, si yale ya baridi kali anayopewa akiwa tayari amesimama.

Macho yanahitaji neno lake. Vitabu husema mtazame msikilizaji machoni. Mtoto aliyelelewa kwetu amefundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na kumwambia amkazie mgeni rasmi macho kwa dakika tano ni kumpa mzigo wa pili juu ya ule wa kusoma. Mpe sehemu tatu za uwanja: wazazi wa kushoto, wanafunzi wenzake katikati, wazazi wa kulia. Anasoma sentensi, ananyanyua uso kuelekea sehemu moja kwenye maneno yake ya mwisho, anashusha. Kwa mgeni rasmi aelekee mara mbili tu, kwenye salamu na kwenye ombi, na hapo kutazama kipaji cha uso kunatosha. Mgeni hawezi kuona tofauti.

Wageni rasmi nao tunawaomba. Hotuba nyingi za kujibu risala huandikwa ofisini na mtu mwingine, na msemaji anaziona kwa mara ya kwanza jukwaani. Isomwe kwa sauti mara mbili kabla ya kuondoka nyumbani. Dakika 12 zinatosha, kwa watoto ambao wamekuwa juani tangu asubuhi. Ibebe jambo moja, na jambo hilo lipewe umbo ambalo sikio linaweza kulihifadhi. Wanaokumbuka mwaka 1978, Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa vita dhidi ya Idi Amin, hawakumbuki hotuba nzima. Wanakumbuka uwezo, sababu na nia. Ni nomino tatu, kila moja ikatangulizwa mbele ya sentensi yake badala ya kufuata kitenzi, kila moja ikafuatwa na neno lilelile, kumpiga, na kila sentensi ikafungwa na tunao au tunayo. Hakuna neno gumu hata moja mle. Zaidi ya miaka 40 baadaye, watu ambao hawakuwa wamezaliwa wanayataja maneno hayo matatu. Methali zinafanya kazi ya aina hiyohiyo, ila moja kwa hotuba moja, na iwe inathibitisha jambo linalosemwa. Mlolongo wa methali nne humfanya msikilizaji asahau ni ipi ilikuwa hoja. Penye mkalimani wa lugha ya alama, apewe nakala tangu jana na asimame penye mwanga.

Kiswahili kina neno mlumbi, mtu hodari wa kusema mbele za watu, na ulumbi unafundishwa kwenye fasihi simulizi kama aina ya kufafanuliwa na kutolewa mifano. Tungependa ufanywe. Walimu watasema darasa lina wanafunzi 45 na kipindi ni dakika 40, haiwezekani kumsikiliza kila mmoja. Mmoja mmoja mbele ya darasa, kweli haiwezekani: dakika mbili kwa kila mwanafunzi ni dakika 90. Wagawe makundi tisa ya watano, yaseme yote kwa wakati mmoja. Katika kila kundi mmoja anasema kwa dakika mbili, wa pili anashika saa, wa tatu anahesabu mara ambazo uso umenyanyuka, wa nne anaandika silabi na maneno yaliyomezwa, wa tano anaandika kwa sentensi moja alichosikia kikiombwa. Dakika moja ya kurudisha majibu, kisha wanabadilishana. Kwa dakika 15 darasa zima limesema na limesikiliza. Kelele za makundi mengine ni faida, zinamfundisha mtoto kupeleka sauti kwa kutumia pumzi ya tumboni badala ya kupiga makelele kooni. Sentensi ya yule wa tano ndiyo inayopewa uzito mkubwa. Isipofanana na alichokusudia msemaji, anayerekebisha ni msemaji.

Tunaviomba vyombo vinavyosimamia mitaala na mitihani vitenge sehemu ya alama za Kiswahili kwa kusema na kusikiliza, hata kama ni alama chache za kazi ya darasani zinazotolewa na mwalimu. Mwanafunzi akitimiza miaka 18 anaingia kwenye mkutano mkuu wa kijiji chake kama mjumbe, ana haki ya kusimama na kuhoji mapato na matumizi. Huko hapewi karatasi ya kuandikia insha.

Kwa shule ambazo mahafali yake bado, wiki nne zinatosha. Wiki ya kwanza wahitimu wenyewe wachague ombi moja, waliseme kwa mdomo mbele ya wenzao kabla ya mtu yeyote kuandika, na mmoja aandike yale waliyoyasema kama yalivyosemwa. Wiki ya pili mwalimu asaidie kupanga na kukata mpaka maneno 500. Wiki ya tatu msomaji, ambaye awe mmoja wa waliotunga, asome kila siku mara moja kwa sauti akiwa amesimama, akipimwa dakika. Wiki ya nne asome uwanjani, bila kipaza sauti kwanza, na mwenzake mita 30 mbele yake akiinua mkono kila asiposikia. Siku ya mahafali mtu mmoja, asiyeijua risala, apewe kiti safu ya mwisho kabisa na kipande cha karatasi chenye swali moja: wameomba nini? Aandike jibu kabla risala haijakabidhiwa kwa mgeni rasmi. Jumatatu mwalimu na msomaji walisome pamoja.

Ni sisi,
Walimu wa Kiswahili,
Morogoro.